Mlinzi Naye Analindwa na Nani?

Wakulima wa kando ya msitu, kuanzia Rhotia hadi Oldeani, hawahitaji kufundishwa maana ya neno mlinzi. Mahindi yakianza kubeba, mmoja wa nyumbani huhamia shambani usiku. Hukaa kwenye kibanda cha nyasi, moto ukiwa mbele yake, na karibu na mkono ana tochi na debe bovu la kugonga. Baridi ya Karatu ya mwezi wa sita tunaijua. Tembo wakishuka kutoka msituni, hugonga debe na kupaza sauti mpaka majirani waamke. Akisinzia saa moja tu, jasho la msimu mzima limekwisha.

Nimeanza na mlinzi huyu kwa sababu siku hizi tunalo shamba jingine, nalo halilali usiku wala mchana. Ni mazungumzo yetu ya kwenye simu. Huko tunatangaza misiba na mazoezi ya kwaya, tunaulizana bei ya vitunguu vya Mang'ola, tunatafuta ng'ombe aliyepotea, tunachangiana harusi. Huko pia tunatukanana, tunazushiana, na wakati mwingine tunauana. Nani analinda huko? Na huyo anayelinda, yeye analindwa na nani? Makala hii inajaribu kuyatafakari maswali hayo mawili kwa nuru ya imani yetu. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Naandika kama mtu aliyepewa zamu ya ulinzi, akasinzia.

Usiku mmoja

Nilikuwa msimamizi, au admini kama tunavyosema, wa kundi la WhatsApp la watu wa eneo letu. Lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili: washarika wenzangu, watu wa makanisa mengine, majirani Waislamu, madereva wa watalii, akina mama wa sokoni. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu tu nilikuwa katibu wa mambo mengi na nilijua kutumia simu. Hakuna aliyeniambia kazi ya admini ni ipi, nami sikuuliza.

Usiku mmoja mtu mzima anayeheshimika aliweka ujumbe kwamba kijana fulani, dereva wa gari la watalii, ameiba fedha za mgeni. Alitaja jina la kijana na kuweka picha yake. Niliusoma saa nne usiku. Niliona una mashaka, maana haukusema ni loji gani, mgeni yupi, wala nani alishuhudia. Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote katika kundi, ukaondoka kwa wote. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Sikuifanya. Nilijiambia kwamba aliyeandika ni mkubwa wangu, nami siwezi kumvunjia heshima mbele ya watu. Nikaweka simu chini, nikasali sala ya usiku, nikalala.

Kulipokucha ujumbe ule ulikuwa umefika kwenye makundi ya madereva hadi Arusha. Wiki hiyohiyo kijana alisimamishwa kazi. Baada ya muda ikajulikana kwamba mgeni alikuwa amezisahau fedha zake kwenye begi jingine. Aliyeandika akarudi kundini na neno moja, "Samahani," na mazungumzo yakaendelea na mambo mengine. Lakini gari la kijana lilikuwa limeshapewa dereva mwingine.

Mama yake husali nasi. Kila Jumapili tukitoka ibadani tunasimama nje kwenye mstari, tunaimba, tunashikana mikono kabla ya mnada wa sadaka. Mkono wangu naye huushika. Hajawahi kunisema.

Aliyeuandika ujumbe alikosa, hilo halina mjadala. Lakini mimi je? Sikuandika hata herufi moja. Kwa muda mrefu nilijitetea hivyo, mpaka niliposoma tena Ezekieli sura ya 33. Pale Mungu anamweleza nabii habari za mlinzi wa mji anayeuona upanga unakuja na asipige tarumbeta. Andiko halisemi kwamba mlinzi ndiye aliyeuleta upanga. Kosa lake ni kwamba aliuona akanyamaza, na damu ya aliyekufa inatakiwa mkononi mwake. Nikamkumbuka Kaini katika Mwanzo sura ya 4, ambaye alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wake. Tangu siku ile swali hilo linamrudia kila mtu, na jibu lake ni ndiyo.

Vijana wa Nairobi

Baada ya hapo nilianza kujiuliza: kwenye mitandao mikubwa, ambako watu si mia mbili bali mamilioni kwa mamilioni, nani anakaa kwenye kibanda usiku? Nilidhani ni mashine. Mashine zipo kweli, na zinafanya kazi kubwa. Lakini nyuma ya mashine kuna watu, na baadhi yao walikuwa jirani zetu kabisa, Nairobi, safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa Karatu.

Tangu 2019 kampuni ya Sama, yenye makao yake California nchini Marekani, ilifanya kazi hiyo jijini Nairobi kwa mkataba na Facebook, ambayo kampuni yake sasa inaitwa Meta. Iliajiri vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko, kwa kuwa wanajua lugha za watu wao. Kazi yao ilikuwa kuketi mbele ya skrini na kutazama yale ambayo watumiaji wameyalalamikia, au ambayo mashine imeyatilia shaka, kisha kuamua kama yabaki au yaondolewe. Yale waliyoyatazama ni mambo ambayo mimi na wewe tungefumba macho: watu wanauawa, wanawake wanabakwa, watoto wanadhulumiwa, mtu anajitoa uhai. Muda wa kuamua ulihesabiwa kwa sekunde, kisha inakuja nyingine. Februari 2022 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walikuwa wakilipwa kiasi cha dola moja na nusu kwa saa.

Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliwaongoza wenzake kudai malipo bora na hali bora ya kazi. Alifukuzwa. Mei 2022 alifungua kesi Nairobi. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, na watu zaidi ya mia mbili wakapoteza ajira. Wengi wao nao wakaenda mahakamani. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa nchini Kenya kwa kuwa si kampuni ya huko. Mahakama ya ajira ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasimama upande huohuo. Mwishoni mwa 2024 ilifahamika kwamba daktari mkuu wa magonjwa ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Dk. Ian Kanyanya, aliwapima zaidi ya 140 kati ya waliokuwa wafanyakazi hao na kuwakuta na ugonjwa wa akili unaotokana na kuona mambo ya kutisha, wengi wao kwa kiwango kikali.

Niliposoma hayo niliitazama simu yangu kwa macho mengine. Kwa miaka yote sikuwahi kukutana na picha ya mtu anayechinjwa. Nilidhani ni kwa sababu nilikopita ni salama. Kumbe kuna kijana aliyeziona kwa niaba yangu, akaziondoa njiani, akarudi nyumbani ameshindwa kulala. Usafi wa simu yangu ulilipiwa na macho ya mtu mwingine.

Hapa inafaa tuwe waangalifu, sisi watu wa kanisa. Tumezoea kuhubiri kwamba mmoja huubeba mzigo kwa ajili ya wengi, na ni kweli kwamba Mtume Paulo katika Wagalatia 6 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Lakini kuchukuliana ni kwa zamu, na ni kwa kujuana. Mtu akibebeshwa mzigo peke yake kwa sababu ni maskini na kazi hakuna, huko si kuchukuliana. Kristo aliutoa uhai wake kwa hiari. Aliyemtoa kwa fedha tunamjua jina lake. Tukiwaita vijana wale mashujaa huku tukiwaacha wapunjwe, tunatumia lugha ya msalaba kufunika dhuluma. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Sijui kama wenye kampuni wanazisikia. Naamini Bwana anazisikia.

Magugu na ngano

Mtu atasema: kama ulinzi ni mgumu kiasi hiki, tuuache. Kila mtu aseme apendalo, na Mungu atahukumu mwisho. Hoja hiyo ina andiko lake. Katika Mathayo 13 Bwana Yesu anasimulia habari za shamba ambalo adui alipanda magugu usiku. Watumwa walitaka kuyang'oa, lakini mwenye shamba aliwakataza, wasije wakang'oa na ngano. Mimi mwenyewe nililitumia andiko hilo kujifariji juu ya yule dereva. Nilisema, "Nilikuwa nayaacha yakue pamoja."

Kuna habari moja iliyonizuia kuendelea kujifariji. Meareg Amare alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia. Mwaka 2021, wakati wa vita vya Tigray, watu waliandika habari zake kwenye Facebook, wakiweka jina na picha yake na kumshutumu kwa mambo mazito. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliitaarifu kampuni na kuomba maandishi yale yaondolewe. Novemba 2021 profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Kwa mujibu wa mwanawe, jibu la kampuni, kwamba andiko mojawapo limevunja kanuni na limeondolewa, lilikuja siku kadhaa baada ya baba yake kufa. Desemba 2022 alifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Hukumu ni ya mahakama. Lakini moyoni mwangu niliona usiku wangu wa saa nne ukiwa mkubwa zaidi. Jina, picha, shutuma, na mlinzi asiyegonga debe kwa wakati.

Basi nikarudi kwenye mfano wa magugu na kuusoma mpaka mwisho, pale Bwana anapowaeleza wanafunzi maana yake. Magugu katika mfano ule ni watu. Anachokataza ni sisi kuamua nani ang'olewe kutoka shambani mwa Mungu. Hakusema adui aachwe aendelee kupanda. Hakusema jirani akiona moto unawashwa nyumbani kwa mtu akae kimya mpaka siku ya mavuno. Kuna tofauti kati ya kumng'oa mtu na kuliondoa neno litakalomwangamiza mtu. Admini mvivu huzichanganya hizo mbili. Huacha neno la sumu kwa kuogopa aliyelisema, halafu siku nyingine humfukuza kundini mnyonge aliyekosea kidogo.

Nami nimekosa upande huo mwingine pia. Tangu 2022 mazungumzo kuhusu wakazi wa Ngorongoro na kuhamia Msomera, wilayani Handeni, yamejaa kwenye simu zetu. Hifadhi ile ilianzishwa 1959 kwa utaratibu wa watu na mifugo yao kuishi pamoja na wanyamapori, kwa hiyo jambo hili linagusa ndugu, marafiki na washarika wetu moja kwa moja. Mmoja anaandika habari za kaburi la babu yake na malisho aliyokulia. Mwingine amehama na anasema amepata nyumba na shamba. Mwingine anatetea hifadhi kwa kuwa ndiyo inayomlisha. Maneno yanakuwa makali. Siku moja nilifuta yote kwa mkupuo na kuandika, "Jamani, hapa ni mahali pa matangazo, siasa hapana." Kundi likatulia. Niliridhika, nikadhani nimeleta amani.

Jioni mzee mmoja kutoka upande wa Endulen alinipigia. Hakuwa na hasira. Alinieleza kwamba kwa Wamaasai wawili wakikutana njiani hawapitani hivihivi. Mmoja hutoa habari zote za alikotoka, za mvua, za ng'ombe, za wagonjwa, na mwenzake husikiliza akiitikia mpaka mwisho, ndipo naye atoe zake. Kisha akaniuliza, "Sasa wewe umenikata katikati ya habari. Nimpe nani zilizobaki?"

Sikuwa na jibu. Nimekumbuka baadaye kwamba Zaburi zimejaa vilio vikali, na hakuna aliyevifuta kwenye Biblia. Nimekumbuka pia mwisho wa kitabu cha Ayubu, sura ya 42, ambako Mungu anawakasirikia wale rafiki waliosema maneno ya heshima na ya utaratibu, na anamthibitisha Ayubu aliyelalamika. Kufuta uchungu wa mtu kwa sababu unatusumbua masikio si ulinzi. Hiyo ndiyo ngano tunayoing'oa.

Kwa hiyo nimejiwekea maswali matatu kabla ya kufuta neno la mtu. Je, neno hili linazungumzia jambo, au linamwinda mtu? Je, anayesemwa yupo, anaweza kujibu? Na je, likibaki mpaka asubuhi, nani ataumia? Kilio cha mzee wa Endulen kinapita maswali yote matatu. Ujumbe juu ya yule dereva ulikuwa unaanguka kwa lile la kwanza tu.

Amana

Kuna jambo jingine ambalo mlinzi hulibeba na watu hawalioni. Anajua mengi. Anajua nani kalalamika, nani kaomba nini kifutwe, nani kaandika kwa jina lisilo lake.

Hapa nchini jambo hili limewahi kufika mahakamani. JamiiForums, ulioanzishwa 2006 na Maxence Melo pamoja na Mike Mushi, ni mtandao ambao Watanzania wengi wamekuwa wakijadiliana mambo ya nchi, wengi bila kutumia majina yao. Desemba 2016 Melo alikamatwa. Miongoni mwa mashtaka yake ni kuzuia upelelezi, kwa sababu ya kutotoa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kesi zilichukua miaka. Mwaka 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo na kumtoza faini ya shilingi milioni 3.

Wakristo hatutakubaliana wote juu ya habari hiyo. Yupo atakayefungua Warumi 13 na kusema mamlaka itiiwe. Yupo atakayesema kwamba aliyekuamini na kukupa jina lake hakukupa ili umtoe. Mimi nimejifunza jambo moja ambalo naona pande zote zinaweza kulishika: jina la mtu ni amana. Haitolewi kwa sababu tu imeombwa, wala haitumiwi kumficha anayetaka kuua. Mwenye kuishika lazima apime, na lazima awe tayari kulipa gharama ya kupima kwake.

Usidhani jambo hili ni la Dar es Salaam tu. Mama mmoja aliwahi kuniandikia usiku, "Admini, futa ile picha, lakini usiseme ni mimi niliyekuambia." Ilikuwa picha yake akiwa amepigwa, na aliyeiweka ni mume wake mwenyewe, kwa kumdhihaki. Niliifuta bila kutaja jina. Kisha niliomba ruhusa yake kumpeleka kwa mchungaji na kwenye dawati la jinsia la polisi. Alikubali baada ya siku nne. Katika siku hizo nne nilielewa vizuri zaidi maana ya neno amana, na nilielewa pia kwa nini mlinzi hapaswi kuwa peke yake.

Aroni na Huri

Tarehe 1 Mei 2023, sikukuu ya wafanyakazi, watu zaidi ya 150 wa kazi hii ya kuchuja maudhui walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Musa katika Kutoka 17, wakati wa vita na Amaleki. Alipoinua mikono, Israeli walishinda. Alipochoka na kuishusha, walishindwa. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Walimletea jiwe akalie, kisha Aroni na Huri wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Hata mtu wa Mungu huchoka mikono.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lililo juu ya makala hii. Mungu ndiye mlinzi asiyesinzia, kama inavyotufundisha Zaburi ya 121. Sisi wengine wote tunasinzia. Kwa hiyo mlinzi wa kibinadamu lazima alindwe na wenzake, na mahali ambapo hakuna anayemlinda, ulinzi wenyewe huharibika. Ataumia kimya kama wale vijana, au atakuwa mwoga kama mimi, au atakuwa mkatili.

Na kwenye makundi yetu ya WhatsApp hata kijana wa Nairobi haoni yanayopita, mpaka mtu ayaripoti. Ujumbe wa huko umefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, isipokuwa ule ulioripotiwa na mtumiaji. Inaweza pia kuweka vizuizi, kama kile cha mwaka 2020 ambapo ujumbe uliosambazwa mara nyingi sana hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Zaidi ya hapo, kibandani tuko sisi wenyewe.

Katika kundi letu tulibadilisha mambo machache. Sasa wasimamizi ni watatu, mmoja ni mama na mmoja ni kijana, na wanabadilishwa kila mwaka. Ujumbe unaomtuhumu mtu kwa jina unaondolewa usiku huohuo, awe ameuandika mkubwa au mdogo, kisha aliyeuandika anapigiwa simu. Tunafuata utaratibu wa Mathayo 18: kwanza wawili faraghani, kisha na shahidi, ndipo mbele ya wengi. Anayefutiwa neno anaambiwa sababu. Na wasimamizi hukutana mara moja kwa mwezi kuambizana waliyoyaona, ili mtu asibebe peke yake. Mchungaji huwaombea kwa majina, kama tunavyowaombea wazee wa kanisa. Si utaratibu mkamilifu. Bado tunakosea, na mwezi uliopita tulifuta tangazo halali la msiba tukidhani ni utapeli.

Lakini wasimamizi watatu hawawezi kulinda watu mia mbili wasiotaka kujilinda. Mtunga Zaburi ya 141 alimwomba Bwana aweke ulinzi kinywani pake yeye mwenyewe kabla ya kuulilia ulinzi kwa wengine. Siku hizi kinywa kipo kidoleni. Kila unapotaka kusambaza jambo ambalo hukuliona, juu ya mtu ambaye hukumuuliza, hapo ndipo kibanda cha kwanza cha ulinzi kilipo, na wewe ndiye uliye zamu.

Nilimfuata yule kijana mwaka jana. Sasa analima vitunguu kwa kukodi shamba Mang'ola. Nilimkuta kwenye mfereji, akifungulia maji. Alinipa shikamoo, nikaitikia, tukakaa kivulini. Nilimwambia kwamba usiku ule niliuona ujumbe na sikuufuta, na nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, wengine wote niliwasamehe kwa sababu walikuwa wamelala. Wewe ulikuwa macho." Alisimama kwenda kuyaziba maji. Aliporudi alikuwa na mfuko wa vitunguu mkononi, akanipa nimpelekee mama yake.

Niliufikisha. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikumuuliza mara ya pili. Jumapili mama yake aliushika mkono wangu kwenye mstari kama siku zote.

Wapendwa, usiku wa leo kuna mtu amekaa kwenye kibanda pembeni mwa msitu, na kuna mtu mwingine, mahali fulani, amekaa mbele ya skrini. Wote wawili wako macho ili sisi tulale. Tuwakumbuke katika sala zetu, na ujira wao tuutetee tunapopata nafasi ya kusema. Na wakigonga debe, tuamke tutoke nje. Shamba si la mlinzi peke yake.